Viti Vitatu katika Ndege ya Moroni

Tulimshusha dada yangu kwenye ndege akiwa amepakwa liwa usoni kama mtu anayekwenda harusini. Mjomba alimshika makwapani, mimi nikamshika miguu, na ngazi ya ndege ile ndogo ilikuwa nyembamba, ikabidi mmoja wetu ashuke kinyumenyume. Nilikuwa mimi. Kwa hiyo muda wote niliuona uso wake. Macho alikuwa ameyafumbua. Akaniuliza, "Tumefika?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mbona tunashuka?"

Juu yetu, mlangoni, walisimama watu wa heshima wakisubiri tupishe, majoho yao wameyakusanya mkononi yasiguse vumbi. Injini ya upande wa pili ilikuwa imeanza kunguruma. Mmoja wao akasema, "Taratibu jamani, huyo ni mgonjwa." Alisema kwa huruma kabisa. Kisha akaingia ndani, akakaa pale pale tulipokuwa tumemlaza.

Kutoka kiwanja cha Ouani, pale karibu na Mutsamudu, hadi Moroni ni nusu saa ya angani, zaidi kidogo kama kuna upepo. Siku isiyo na mawingu, ukipanda juu ya mji wetu unauona mlima wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, umekaa baharini kama mtu aliyejifunika shuka. Unauona kwa macho. Watu wa huku wanakwenda asubuhi kununua nguo Moroni na jioni wako nyumbani wanakula. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniambia Moroni ni karibu, namuuliza: karibu kwa nani?

Mimi si mwanamke wa shule. Nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu, basi. Kiswahili hiki nimekipata kwenye biashara, kwenda na kurudi Dar na Unguja na mabegi ya nguo, na kama kuna mahali nimekosea mtanisamehe. Majina ya watu sitayaandika. Vyeo vyao nitaviandika, na walichofanya nitakiandika, na kila aliyekuwepo atajua nani ni nani.

Tulizaliwa Madagaska, Majunga, mimi na dada. Baba yetu aliuawa kule siku zile walipouawa watu wetu mitaani, na mwaka 1977 tukaletwa Moroni kwa ndege, mama na sisi wawili na mabunda yetu. Ile ilikuwa safari ya nchi na nchi, na hata hivyo haikuchukua muda mrefu kuliko kupika wali na kuula. Nchi moja watu wanakuchinja, unapanda, unakaa, unashuka nchi nyingine watu wanakupa maji. Kwa hiyo mimi ndege niliipenda. Niliiona kama kitu cha kuokoa watu. Watu wa hapa wakatubandika jina la ile ndege, wakawa wanatuita hivyo mitaani, na jina hilo mpaka leo hutamkwa kwa mdomo uliopinda. Mama alikuwa na asili ya Mutsamudu, kwa hiyo tukavuka kwenda kwa bibi yetu, kwenye nyumba ya mawe ndani ya mji wa kale, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hubana ukutani. Mama hakuishi sana baada ya hapo. Tukabaki na bibi, na mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Mwaka uliofuata wakaja mamluki. Wazungu wa bunduki, sare nyeusi. Walimleta rais wao na wakakaa. Wenye elimu wameandika mengi juu yao na mimi siwezi kuandika kama wao. Mimi nasema tu jinsi ilivyokuwa kwa mtu wa kawaida: kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mzungu. Gari likihitajika ni lake. Ukumbi ukihitajika ni wake. Ndege ya abiria, ambayo watu wamekaa ndani wamefunga mikanda, akiihitaji ni yake. Na chini ya kila mzungu alikuwepo mtu wetu mmoja aliyejua Kifaransa, kazi yake kumwambia mzungu watu wanasema nini.

Dada aliolewa na kijana aliyefanya kazi bandarini Moroni. Kwetu mwanamke haondoki nyumbani kwao, mume ndiye anayekuja, na huyu alikuwa anakuja kila akipata nafasi. Baba yake mume alikuwa mtu mkubwa Mutsamudu, zamani karani wa forodha enzi za Mfaransa, mtu wa joho na bakora, anayekaa safu ya mbele msikitini. Tulimheshimu mno. Dada alikuwa hamtazami usoni, na yeye akipita barazani dada huingia ndani. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa bila shida.

Huyu wa pili alikataa.

Uchungu ulianza, damu ikaanza kabla ya mtoto. Tulimpeleka hospitali. Daktari wa kupasua alikuwa amesafiri, hayupo kisiwani. Mkunga, mama mmoja mkavu wa maneno, alinivuta pembeni akasema: "Mimi sitakudanganya, mwanangu. Huyu hazai kwa njia yake. Apasuliwe leo, au mjiandae. Kuna ndege asubuhi hii. Moroni watampasua. Nendeni sasa hivi."

Mjomba akakimbilia Ouani kutafuta nafasi. Mkuu wa kiwanja, mtu wa kwetu, alikubali kumpa viti vitatu vya nyuma ili mgonjwa alazwe, na kimoja changu. Sitamnyima hilo. Alikubali. Ujumbe wa simu ukapelekwa Moroni, mume wake aje uwanjani na gari.

Sasa sikilizeni tulichofanya sisi wenyewe, maana nikiandika ya wengine tu nitakuwa mwongo. Tulimpitisha nyumbani achukue nguo. Bibi akauliza ndani ya ndege kuna nani. Mjomba akasema kuna ujumbe mzima wa harusi, watu wazima wanakwenda Moroni kwenye harusi kubwa pale Badjanani, na mkwe wetu, baba yake mume, ndiye kiongozi wao.

Bibi akashika kichwa. "Mtampeleka hivi? Mbele ya mkwe wake?"

"Bibi, anatoka damu," nikasema.

"Ndiyo maana nasema. Mnataka mkwe wake aione?"

Basi wanawake wa nyumba nzima wakaingia kazini. Walimfunga vitambaa, juu yake kanga, juu yake plastiki ile ya kufunikia meza, juu yake kanga nyingine mpya. Wakamvisha shiromani yake nzuri, ile nyekundu ya kujifunika mwili mzima. Bibi mwenyewe akasaga msandali juu ya jiwe, akampaka liwa uso mzima, nene, kwa sababu uso ulikuwa umekuwa mweupe kama unga na bibi hakutaka watu waone. Akamtia marashi. Dada alikuwa anacheka kidogo kwa maumivu. "Bibi, naolewa tena?" Bibi akamjibu, "Nyamaza, unaolewa na daktari."

Kazi yao ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Hakuna tone lililoonekana.

Tukafika Ouani, tukampandisha, tukamlaza. Watu wa ujumbe wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mjomba alisimama karibu na mlango akiwaamkia kila mmoja, "Kwezi, kwezi," ndiyo shikamoo yetu, anainama hadi kiunoni huku mpwa wake amelala nyuma yake. Mkwe akapita, akasita. Hakumtazama dada, si adabu. Akamuuliza mjomba kwa sauti ya chini:

"Ni binti yetu huyo? Ana nini?"

Mjomba angesema. Nilimwona anafungua mdomo. Lakini mambo ya uzazi kwetu mwanamume hamtajii mkwe wake, na pale kulikuwa na wakwe na wakubwa wa mji mzima wamekaa kwa mistari.

"Tumbo, bwana," mjomba akasema. "Tumbo linamsumbua."

"Mungu atampa afya," mkwe akasema, akaenda kukaa.

Mlango ulikuwa karibu kufungwa likaja gari la mamluki mpaka chini ya bawa. Akashuka yule ofisa wao, yule aliyekuwa akitamba kisiwani kwetu siku hizo, mwenye miwani ya jua na kandambili miguuni. Pamoja naye wazee wawili wa ujumbe waliokuwa wamechelewa. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa harusi. Viti vilikuwa vimejaa. Akaingia na mkuu wa kiwanja nyuma yake, akahesabu kwa kidole, kidole kikasimama juu ya dada yangu. Akasema kitu, akacheka. Mkuu wa kiwanja akamgeukia mjomba.

"Anauliza kwa nini mtu mmoja amelala kwenye viti vitatu. Anasema amevaa kama bibi harusi, basi akae kama watu."

"Hawezi kukaa," nikasema.

"Basi ashuke. Ndege inakwenda na kurudi. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kabla ya adhuhuri iko hapa, mtapanda peke yenu mlale mnavyotaka. Haya, mjomba, tusimwudhi."

Mjomba akanitazama, nikamtazama. Nyuso za watu wazima wote zilitugeukia, na katika nyuso zile hapakuwa na ubaya wowote. Waliona mwanamke aliyepambwa, mwenye tumbo. Mkwe akasema kutoka kitini, "Bora apumzike nje, humu joto. Atakuja na ya pili." Mjomba akainama amshike makwapani.

Hivyo ndivyo tulivyoshuka.

Chini ya ngazi tulimlaza juu ya mkeka wa watu. Mkono wangu ulikuwa umeloa chini ya ile plastiki. Nikaona sasa inatosha, adabu basi. Nikamfuata mkuu wa kiwanja, nikamshika kanzu. Ofisa alikuwa ameshapanda, amesimama mlangoni juu, na mkwe alikuwa amerudi pale mlangoni kuangalia.

Nikamwambia mkuu wa kiwanja, mdomo wangu karibu na sikio lake kwa ajili ya injini, kwa lugha yetu sote wawili: "Si tumbo. Anazaa. Damu inatoka tangu alfajiri na mtoto hajatoka. Asipopasuliwa leo anakufa. Mwambie mzungu hivyo. Mwambie tu. Angalia." Nikamwonyesha mkono.

Aliutazama mkono wangu. Aliutazama, wallahi, na akarudi nyuma hatua moja, maana alikuwa amevaa nyeupe.

Ofisa akapiga kelele kutoka juu, akiuliza. Mkuu wa kiwanja akainua uso akamjibu, naye kwa kelele, kwa Kifaransa. Maneno machache. Ofisa akapunga mkono, akaingia. Mlango ukafungwa. Mimi Kifaransa sikijui. Nilidhani amemwambia na mzungu amekataa. Nilimchukia yule mzungu peke yake, na nikamchukia hivyo kwa muda mrefu.

Ndege ikaruka. Tukamvutia dada kwenye kivuli cha jengo. Nilikuwa nasikiliza. Kila mlio, hata pikipiki barabarani, nilidhani ndiyo hiyo inarudi. Dada alikuwa anauliza, mara kwa mara, kwa adabu, kama mtoto anayeogopa kukusumbua: "Imefika?" Nikawa namwambia inakuja. Mjomba alikuwa anatembea mpaka mwisho wa jengo, anatazama upande wa Ngazidja, anarudi. Mkuu wa kiwanja alipita mara moja akienda ofisini, ile yenye redio ya kuzungumza na Moroni. "Inakuja," akasema. "Kaeni hapo hapo."

Adhuhuri ikaadhiniwa, ndege hakuna. Mjomba akaswali pale pale, haraka haraka. Liwa ikaanza kukauka usoni kwa dada na kupasuka, na chini yake nikaona rangi niliyokuwa nimeshaiona Majunga na ambayo niliomba nisiione tena. Aliacha kuuliza.

Nikaenda kugonga mlango wa ofisi. Umefungwa. Mlinzi alikuwa amekaa mlangoni anakula muhogo.

"Mkuu yuko wapi?"

"Amekwenda kula, bweni. Kula na kulala kidogo." Bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke kwa heshima.

"Na ndege?"

Akanitazama kama nimemfanyia mzaha. "Ndege gani? Hawajakuambieni? Wazungu wameichukua ikishafika tu Moroni. Wana shughuli nayo. Redio ilisema zamani, mkuu alikuwa hapa hapa. Leo hakuna ndege tena."

"Alituambia tukae."

"Aa." Akaweka muhogo chini. "Basi sijui, bweni. Mimi mlinzi tu."

Ni yule mlinzi aliyetutafutia gari, la kubeba mawe, na alitusaidia kumpandisha. Tulikuwa tunarudi hospitali, kufanya nini sijui. Kabla hatujafika Mirontsi, pale njiani, dada akanishika mkono kwa nguvu, kisha nguvu ikatoka. Mjomba akapiga bati la gari dereva asimame. Nikamwambia mjomba asipige tena, aache tu gari liende.

Alizikwa kabla ya magharibi, na mtoto ndani yake.

Moroni, mume wake alikuwa amesimama uwanjani tangu asubuhi na gari la kuazima, godoro nyuma. Alituhadithia baadaye. Aliona majoho yanashuka, mmoja mmoja, akahesabu, akaona baba yake. "Yuko wapi?" Baba yake akamwambia, "Tumbo linamsumbua, anakuja na ya pili." Akaona ndege ile ile inaruka tena na wazungu ndani, akadhani inamfuata mkewe. Akakaa. Alikuja kesho yake, naye kwa nusu saa hiyo hiyo, akaonyeshwa udongo.

Mkwe alikuja kwenye matanga. Hakukaa na wanaume. Alisimama kwenye mlango wa uani, jambo ambalo mtu wa hadhi yake hafanyi, akaniita.

"Mwanangu, niambie. Pale chini ya ngazi, ulimwambia nini yule mtu?"

Nikamwambia, maneno yote, sikuona haya tena.

Akasema, "Mimi nilisikia alichomjibu mzungu. Kifaransa nakijua. Alimwambia: Ni tumbo tu, na hawa wa Madagaska wanapenda kelele." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Mzungu aliuliza. Unaelewa? Aliuliza. Angeambiwa, sijui angefanyaje, huenda angetukana, huenda angekataa. Mimi ningeshuka. Ningemshusha kila mtu. Nilikuwa na kiti."

Alikufa mzee yule miaka iliyofuata, na nasikia mpaka mwisho hakupanda ndege tena. Mjomba naye amekufa. Bibi amekufa. Wale mamluki waliondoka mwaka 1989, na yule wa miwani sijui aliko. Kama yu hai anaota jua barazani kwao na hakumbuki, maana yeye hata hakuambiwa kitu cha kukumbuka. Alichukua ndege ya watu, wenzake wakavinjari nayo huku mgonjwa analala kwenye saruji, na kwa hilo na mengine atajibu kwa aliyemuumba.

Lakini mkuu wa kiwanja yuko. Alihamia Ngazidja, akajenga huko juu, Mvouni, nyumba ya ghorofa, na huteremka mjini asubuhi. Nilikutana naye dukani Badjanani, mimi naleta vitambaa vyangu vya Dar, yeye anachagua kofia. Hakunijua. Nikamwambia mimi ni nani. Akaweka kofia chini polepole.

"Bweni," akasema, "siku zile nani angeweza kumjibu mzungu? Wewe hujui tulivyokuwa tunaishi nao. Mtu alikuwa anapotea hivi hivi."

"Sikukuambia umjibu. Nilikuambia umwambie."

"Mambo ya kike yale, mbele ya watu wazima wote wale. Ningeyasemaje?"

"Kwa Kifaransa. Uliyasema mengine kwa Kifaransa."

"Haya ni ya zamani. Mungu alikuwa ameshaandika ajali yake."

"Na redio? Nayo ajali? Ulituambia tukae, ukaenda kulala."

Mwenye duka akajifanya anapanga vitu. Mzee akachukua bakora yake, akatoka bila kununua, na kule nje nikamsikia anamwambia mtu, "Wale wa Madagaska, unawajua." Akacheka kidogo.

Sasa namwandikia yeye, wengine wasome.

Yule mtoto wa kwanza wa dada nimemlea mimi. Ni mtu mzima, ana watoto. Kila mahali pa watu, akiulizwa mama yake alikufa na nini, husema tumbo, kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyoambiwa na ndivyo mji unavyojua mpaka leo. Mimi nimemwambia kweli, na yeye ananiamini, lakini mji ni wa wanaume wenye majoho na mimi ni mwanamke wa mabegi, tena niliyeletwa. Neno langu linaishia mlangoni. Neno lako ndilo lililosimama.

Kwa hiyo sikuombi fedha na wala sikuombi uniombe radhi mimi. Ijumaa moja, baada ya swala, wakati watu wazima bado wamekaa, nawe umekaa safu yako ya mbele, nitamleta binti yake na atasimama nje mlangoni. Utatoka, utamwambia mbele yao, kwa lugha yetu ambayo kila mtu anaielewa, mimi nilikuambia nini chini ya ngazi ya ndege, na wewe ulimwambia nini mzungu. Maneno yote mawili, langu na lako. Uchague Ijumaa mwenyewe. Ukikaa kimya, nitaichagua mimi, na nitakuuliza kwa sauti.